Siku Uliyombeba Agnesi

Mpendwa mjomba,

Tangu tukuzike nimekuwa nikiongea nawe kimoyomoyo, nikipalilia migomba, nikichota maji. Leo nimeona bora niandike, maana shukrani zimenijaa hadi kooni. Watu watasema kumshukuru marehemu ni kazi bure. Waseme.

Unaikumbuka ile miaka ya ruksa, biashara ilipoachwa huru na malori ya wafanyabiashara yakaanza kupanda milima yetu ya Matombo kufuata ndizi? Katika mojawapo alikuja Mwalimu Tekla, mama wa Kichaga kutoka kituo cha watoto wenye ulemavu wa akili kule Bigwa. Alipita nyumba kwa nyumba akiwatafuta watoto kama mdogo wangu Agnesi, aliyechelewa kutembea, akachelewa kusema. Alipomkuta ndani, mlango umerudishwa, alikuwakia hata kabla hujamkaribisha kigoda.

"Shikamoo mzee. Lakini mtoto hafichwi ndani kama mali ya magendo!"

"Marahaba. Nani kamficha? Huyu mwali. Kavunja ungo, yumo ndani, kama mama yake, kama bibi yake."

Mwalimu akashika mdomo, akacheka, akakuomba radhi. Kisha akauliza kwa upole, "Sawa mzee. Anatoka lini?"

Hapo aligusa kidonda cha ukoo mzima. Wasichana waliowekwa ndani pamoja naye walikwisha kutolewa na kuchezwa ngoma, Agnesi bado yumo. Mama mkubwa na wenzake walikwisha kuamua abaki humo humo. Atachezaje? Nani atamwoa? Tutachekwa! Na kwetu asiyetolewa hahesabiwi mtu mzima, ataitwa mtoto hadi aote mvi. Mama alikuwa akililia jambo hilo jikoni, nawe kaka yake, mwenye neno la mwisho, ulikuwa ukipiga chenga.

Siku hiyo hukupiga chenga tena. "Baada ya mavuno," ukasema. Nilitamani kukurukia nikukumbatie.

Tangu hapo Mwalimu akawa anapanda kila wiki. Yeye na kungwi walimfundisha Agnesi kuoga mwenyewe, kufua na kuanika vitambaa vyake, kuchezesha mabega. Kungwi alikuwa na haraka zake, Mwalimu alitaka jambo moja moja, basi walikuwa wakizozana weee, halafu wanakula pamoja.

Siku ikafika. Mwali hutoka akiwa amebebwa mabegani, lakini vijana waliotakiwa kumbeba wakaanza kutazamana. Ukavua lile koti lako la mtumba ulilokuwa ukiringia. "Mpandisheni hapa," ukasema, na mgongo wako ule mbovu! Alipofika juu, mafunzo yote ya ngoma yakayeyuka. Alichofanya ni kumwamkia kila aliyemwona. Shikamoo kwa katekista, shikamoo kwa watoto wadogo, shikamoo kwa mbuzi wa jirani. Watoto wakaitikia marahaba kwa madaha kama wazee, wanawake wakapiga vigelegele, na wewe chini yake unacheka huku jasho linakuchuruzika. Sijapata kukupenda kama siku ile.

Baadaye ulikubali ashuke kituoni Bigwa, akajifunza bustani. Aliporudi ulimkatia kipande cha shamba la ukoo, kama ulivyotukatia sisi wengine. Mchicha wake ni mzuri kuliko wangu, nakiri kwa wivu.

Na sasa nikupe habari ya arobaini yako. Kina mama tulikuwa ndani tukipanga mapishi, Agnesi kati yetu. Akaingia binamu mmoja kutoka Dar es Salaam, asiyemjua vizuri, akamwambia kwa nia njema, "Mdogo wangu, nenda nje ukacheze na watoto."

Agnesi hakunyanyuka. "Mimi si mtoto," akasema polepole. "Nimetolewa."

Mama mkubwa, yule yule aliyeogopa kuchekwa, akasogea na kumpisha mkekani. Halafu akampa kisu na kitunguu.

Ahsante, mjomba. Pumzika na mgongo wako.

Mpwa wako,
dada yake Agnesi