Farasi wa Hoteli Aliyehamia Muyeye

Jumatatu, 3 Februari 1986
Nimefua shuka za vyumba vyote vya hoteli leo. Mikono inanuka wanga. Nimerudi Muyeye saa kumi, farasi kasimama palepale nilipomwacha asubuhi. Wiki nzima sasa. Hoteli imeacha kuwapandisha wageni farasi ufukweni. Wakubwa wameuzwa, huyu mdogo mwekundu akabaki, na mimi kwa kiherehere changu nikasema nitamchukua. Lori la hoteli lilimshusha uani na hajatoka tena. Kioko, mume wangu, anauza maji kwa mkokoteni anaouvuta mwenyewe, na mgongo umemwisha. Amesema wazi: farasi avute mkokoteni kufikia mwisho wa mwezi, au aende kwa yule mtu anayenunua wanyama wa kulisha mamba. Mamba! Sikula.

Alhamisi, 6 Februari
Nimeazima kitabu cha farasi kwenye kabati la wageni. Kijerumani. Nimeambulia picha tu: msichana, kamba ndefu, farasi anazunguka duara kwenye majani mabichi. Nimejaribu uani. Nimezunguka mimi, yeye akanitazama. Majirani wamecheka mpaka wakakaa chini.

Jumamosi, 8 Februari
Kuuliza si ujinga. Nimemwendea Bwana Shee, jirani yetu, mtu wa kisiwa cha Pate, kazaliwa kati ya punda. Nikampa shikamoo yake, akaja kutazama.
"Mnyama ni mnyama, mwanangu. Mfunge debe tupu nyuma azoee kelele za mkokoteni. Atatulia mwenyewe."
Ndivyo anavyofundisha punda wake. Tukalifunga.
Mungu nisamehe. Debe lilipolia mara moja tu aliruka, akavunja ua wa makuti wa jirani, akakimbia nalo mpaka karibu na soko. Tumemkuta anatetemeka, mguu wa nyuma unavuja damu. Bwana Shee alikuja na punda wake kutusaidia, akaondoka mbele kwa haya, na farasi akamfuata punda mpaka nyumbani bila kuvutwa. Punda akisikia debe angesimama tu, anasema Bwana Shee. Huyu si punda! Nimewakasirikia watu wote, mimi wa kwanza.

Jumapili, 9 Februari
Sikwenda kanisani. Nimeosha kidonda kwa maji ya chumvi. Kioko alinipita akivuta mkokoteni wake. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 14 Februari
Kidonda kinafunga. Lakini hatoki langoni. Nikimsukuma kwa fimbo anachimbia miguu. Mtu wa mamba amepita leo, akampapasa mbavu kama anachagua kuku. Nimemfukuza. Kioko akamfuata njiani, akamwambia arudi tarehe ishirini na nane. Nimelia chooni kwa hasira.
Habari moja njema. Mpishi wa hoteli anasema Karisa, aliyewatunza wale farasi miaka yote, hakwenda Mombasa kama nilivyosikia. Yuko kwao Adu, analima.

Jumapili, 16 Februari
Basi la asubuhi mpaka Adu. Mkono mtupu haulambwi, nimechukua sukari na majani ya chai. Nimemkuta Karisa anang'oa visiki. Nikamweleza yote. Alicheka kuhusu kitabu. Kwenye debe hakucheka. Akauliza swali moja: alirudije kutoka sokoni? Nikasema alimfuata punda.
"Basi ndiyo hiyo, dada. Yule alikuwa wa mwisho kwenye msafara siku zote. Hajaiona njia tupu maishani mwake, kaona mkia wa mwenzake tu. Mpe wa kumfuata. Halafu umsogeze huyo mbali pole pole."
Nilimwita mkaidi, kumbe ni mwoga. Nimejionea haya njia nzima ya kurudi. Ila nimelala usingizi garini, mara ya kwanza mwezi huu kulala vizuri.

Jumatatu, 17 Februari
Kabla ya kazi nimemwomba Bwana Shee punda. Hakungoja nimalize. Punda mbele, farasi nyuma. Ametoka langoni. Ametoka! Mpaka bombani na kurudi, pua karibu na mkia.

Jumamosi, 22 Februari
Mkokoteni mtupu leo. Magurudumu tumeyazungushia magunia yasipige kelele. Punda tunamsogeza mbele kidogo kila siku: hatua mbili, tano, kumi. Kioko ndiye anayeshika kamba ya punda. Ati anaulinda mkokoteni wake. Haya.

Jumatano, 26 Februari
Mkokoteni umejaa mitungi ya maji. Bombani punda akagoma kuondoka, na punda akigoma kagoma. Farasi akasimama nyuma yake, masikio huku na huku. Nikajua yamekwisha. Halafu akampita. Mwenyewe, njia tupu mbele yake, mpaka mlangoni kwetu! Mimi nakimbia pembeni, kitambaa cha kichwa mkononi, watu wananishangaa. Nimekaa chini mchangani, nikacheka peke yangu.

Ijumaa, 28 Februari
Joto. Nimepiga pasi mapazia kutwa. Mtu wa mamba hakuja, Kioko alimpelekea habari jana kwamba hatuuzi.
Magharibi Kioko amerudi na mzigo mkubwa wa majani kichwani, na mgongo ule. Nikamwambia atue, apumzike, ale kwanza.
"Mwenzangu hajala," akasema, akapita kwenda uani.
Nikateleka chai.