Kumtupa Bosi Majini

Jumatatu, 2 Februari
Mchana kama kawaida: wali maharage, kisha gemu stoo. Televisheni ni ya Jitesh, mtoto wa mwenye kampuni yetu ya mizigo. Vijitu laini, havina mifupa, vinapigana juu ya daraja. Ukitupwa majini, umekufa. Nimemtupa Nyanda wa stoo mara nyingi. Raha sana. Ijumaa majaribio yangu ya ukarani yanaisha. Silali vizuri.

Jumanne, 3 Februari
Leo Mama Kabula, bosi wetu, aliingia stoo akataka padi ya kuchezea. Nimpige mama wa umri ule? Kijitu changu kilitembea chenyewe hadi majini. Kila raundi. Alishinda. Hakufurahi. Aliweka padi chini akaondoka.

Jumatano, 4 Februari
Nyanda anasema bosi kamwambia Jitesh, "Yule karani ananidanganya." Mchana sikuenda stoo.

Alhamisi, 5 Februari
Bosi kaniita ofisini.
"Ulijiangusha?"
"Hapana, mama."
Akavua miwani.
"Ndiyo, mama. Samahani."
"Mzigo ukifika Ukerewe umepungua, utaniandikia umetimia ili nifurahi?"
"Karani wa hivyo simtaki. Kesho mchana, stoo. Pigana."
Naogopa kushinda. Naogopa kushindwa. Kurudi kwetu Usagara bila kazi naogopa zaidi.

Ijumaa, 6 Februari
Stoo ilijaa. Kijitu chake kiling'ang'ania mguu wangu. Nikakinyanyua juu ya kichwa. Nikasema, "Shikamoo, mama," nikakitupa majini.
Bosi akacheka hadi miwani ikadondoka. "Marahaba! Mshenzi wewe! Tena!"
Raundi ya pili alinipiga kichwa, nikaruka kama kandambili. Safari hii sikujiangusha. Nyanda alipiga kelele, "Karani kwisha habari yake!"
Jioni bosi kapita mezani kwangu. "Umethibitishwa. Jumatatu uwahi." Nilijifungia chooni nikalia kidogo.

Jumapili, 8 Februari
Kanisani, kisha nimefua. Mama mzazi kapiga simu kutoka Usagara. Nimempa habari ya kazi. Kauliza wamenipima kwa kitu gani. Nilitaka kusema hesabu. Nikamwambia ukweli wote. Akauliza kama bosi hakuumia.
Hakuumia, mama.
Mashati yamekauka. Hapa Mkolani leo kuna upepo mzuri.