Gari Bado Iko kwa Jina Langu

Jumanne, Kwa Vonza

Polisi alinipigia simu mchana nikipepeta mbaazi. "Mama, gari yako imegonga mtu wa bodaboda hapa Malili, na dereva ametoroka. Kesho saa mbili asubuhi uje na logbook."

Gari yangu! Nilimuuzia Kyalo, mzee wa kanisa letu, tangu mwaka jana. Logbook, ile hati ya umiliki wa gari, nilimpa siku hiyo hiyo pamoja na ufunguo.

Lakini kwa mtandao wa serikali mwenye gari bado ni mimi. Muuzaji ndiye huanzisha transfer ya kubadilisha jina, na mimi sikuanzisha. Hata makubaliano hatukuandika. Pasta aliombea gari, tukasema amina, nikaona nikimwambia Kyalo tutie sahihi itakuwa kama simwamini. Niliona aibu. Sasa hiyo aibu itanisaidia na nini?

Nimempigia Kyalo mara sita, simu imezimwa. Bibi yake anasema amesafiri, hajui wapi. Alikuwa akilia.

Na huyo wa bodaboda, sijui kama yuko hai. Sikuuliza. Niliogopa kuambiwa.

Nimetafuta kwa simu kitu cha kuonyesha polisi kwamba niliuza. Nimepata picha moja tu, ya siku ile ya maombi. Namba ya gari inasomeka vizuri kabisa. Kyalo amefunga macho, mikono ameinua juu mbinguni.

Aliyeshika gari, kama mwenye gari, ni mimi.