Mgeni wa Bosi Wangu

Shoga, acha unachofanya unisikilize. Naandika haraka mpaka nakosea herufi.

Unamkumbuka yule mama mwenye kichanga niliyekwambia, aliyebomolewa nyumba na kimbunga? Bosi alimtoa kule shuleni walikohifadhiwa wenzake, akamleta kwetu, majirani wakampigia makofi. Hata mimi nilimsifu! Mimi, na mdomo wangu huu!

Leo niko jikoni naosha masufuria, bosi akaja anatabasamu. "Mwanangu, fungasha vitu vyako. Huyu mgeni atashika kazi zako, tena yeye hadai mshahara."

Hadai mshahara! Shoga, hadai mshahara! Eti, "Nimempa paa, anataka nini tena?" Kumbe ndio msaada wenyewe ule uliopigiwa makofi.

Nikafuta mikono nikafungashe. Kugeuka, mama wa watu yuko mlangoni na ndoo ya maji, kasikia neno kwa neno. Akaitua ndoo taratibu, akambeba mwanawe mgongoni, akaniambia, "Mdogo wangu, twende."

Bosi akapiga kelele, "Huna shukrani wewe! Utalala wapi?"

Akamjibu kwa upole kabisa, "Asante kwa malazi, mama. Ila mtumwa katafute kwingine."

Sasa tuko kituo cha basi. Kule shuleni wanasema nafasi yake imeshachukuliwa, na mtoto anakohoa. Najua chumba chako hakina hata pa kugeukia. Sukumia kitanda ukutani, shoga. Tunakuja watatu.