Kadi Mpya ya Baba Neema

Jumatatu, 7 Julai 2003
Nimefungua seva tena, nimepangusa vumbi jekundu kwa brashi ya viatu. Kadi ya mtandao imekufa kweli. Umeme ulikatika juzi, na uliporudi ulirudi kwa hasira. Kompyuta zetu za msaada hazina diski, zote zinaamshwa na seva kupitia nyaya. Bila kadi ni masanduku tu.

Mkuu wa shule kaishia mlangoni. Jumamosi wazazi wanaleta mahindi ya chakula cha wanafunzi, na stoo imejaa maharage. Kompyuta zikiwa bado zimelala siku hiyo, chumba kinakuwa stoo. Muhula mzima. Nimesema sawa. Nina hasira.

Jumanne, 8 Julai
Nimeshinda intaneti kafe. Kurasa zinafunguka kwa kusuasua. Jibu nimelipata: Linux yetu, mfumo unaoendesha seva, ni toleo la zamani, haijali jina lililo kwenye boksi, inajali chipu iliyo kwenye kadi. Chipu za zamani inazijua. Za siku hizi, hapana.

Nimempigia fundi mmoja wa Arusha. Anayo ya zamani, kaichomoa kwenye mashine mbovu. Hiyo hiyo naitaka.

Jirani yangu Baba Neema, dereva wa watalii, anashuka Arusha kesho kupokea wageni. Nimemwomba anichukulie. Binti yake yuko kidato cha pili hapa kwetu. Ndiye anayening'ang'ania kila jioni nimpe ufunguo wa chumba cha kompyuta. Baba mtu kafurahi kutumwa.

Jumatano, 9 Julai
Nimesubiri. Upepo, vumbi. Basi.

Alhamisi, 10 Julai
Baba Neema kaja na boksi linalong'aa, plastiki haijachanwa. Nimejua si yenyewe kabla sijaligusa.

"Ile ya fundi ilikuwa imechoka, Mwalimu. Ina kutu. Nikaona aibu kukuletea mtumba. Nikapita dukani, nikasema nipeni ya kisasa."

Huku kwetu, ukimtuma mtu anayekuheshimu, anakuletea kizuri kuliko ulichoagiza. Nilimwambia nataka ya zamani. Kadhani nabana matumizi.

Kasimama pembeni nikiichomeka. Taa ya kijani ikawaka nyuma ya seva. Kapiga makofi. "Si unaona!" Kwenye skrini mfumo unasema hauoni kadi yoyote. Yeye anaangalia taa. Nimeshukuru.

Ijumaa, 11 Julai
Nimempigia fundi. Ile kadi imeshachukuliwa na mtu mwingine.

Nimejaribu kila programu ya kuendeshea kadi iliyomo kwenye diski zangu. Zote zimegoma. Kisha umeme ukakatika, na nafsi yangu ikashukuru, maana sikuwa na la kujaribu tena.

Nimemwomba Mkuu wiki moja. "Mwalimu, nikiyaacha mahindi nje, panya watanipa wiki moja?" Si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniuma, hakuna wa kumgombeza. Nimelia chooni kama mtoto wa kidato cha kwanza.

Jumamosi, 12 Julai
Magunia. Nimezisogeza kompyuta ukutani mwenyewe, sikutaka mtu azishike. Seva imebaki mezani karibu na mlango, haikupata mahali pengine. Halafu nimesaidia kubeba. Kifua kimejaa pumba.

Jumapili, 13 Julai
Baada ya ibada Baba Neema kaleta gunia lake, kalibeba begani mwenyewe. Jana alikuwa mbugani, Kreta, na wageni, ndiyo maana kachelewa. Nafasi ilibaki moja tu, mbele ya meza ya seva. Kalisimamisha hapo, kajipangusa, kauliza kompyuta zimeenda wapi.

Nimemwambia zinapumzika mpaka mahindi yaishe.

Kaitazama seva kidogo. "Basi ifunike vizuri, Mwalimu. Kadi yenyewe bado mpya, isije ikaingia vumbi."

Nimevua kanga niliyojitanda, nimeifunika. Tumetoka, nimefunga mlango. Ufunguo nimempa mpishi.