Kwa Mama, Mwalimu Dorkasi Shemboza: Zile Wiki Tisa Ulizonyamaza

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya tarehe tisa Oktoba ulipoketi mlangoni mwa jiko kufunga kamba za viatu, ukasema unaona giza, na hukuinuka tena. Presha ilikuchukua kabla gari la kukupeleka hospitali halijapanda kilima.

Tulikuwa tunataka kuandika tangazo fupi kama la watu wengine: picha yako ya kitenge cha bluu, maneno machache na majina yetu. Baba akasema tuandike yote au tuache kabisa. Kwa hiyo mimi Yudith, mwanao wa kwanza, ninaandika kwa niaba ya nyumba nzima. Na hayo yote, Mama, bado hatujajua tuyaeleweje.

Ulifundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, hapa hapa juu ya Irente, hukutaka uhamisho. Watu wenye wajukuu bado walikuita Mwalimu. Ulisahihisha kwa penseli ya kijani kwa sababu ulisema wino mwekundu unawatia watoto homa. Mtoto aliyekuja shule bila kula ulimtuma nyumbani kwako akakuletee chaki, na chaki ilikuwa mfukoni mwako muda wote. Alichokikuta huko ni uji. Msimu wa plamu kikapu cha kwanza kilikwenda kwa majirani, sisi tukala zilizopasuka.

Lakini kwa uongo hukuwa na huruma. Mdogo wangu Kristian anajua. Alikuwa na miaka kumi na miwili alipovunja bomba la shule, akamsingizia mwenzake, yule mwenzake akachapwa. Ulipojua, ulimshika mkono asubuhi iliyofuata ukamsimamisha mbele ya paredi, watoto karibu mia nne, aseme mwenyewe. Akasema. Muhula mzima baada ya hapo alizungumza kwa shida, maneno yakimkwama. Hukumwomba radhi, na sisi hatukudhani kuna la kuombea radhi. Ndivyo tulivyokujua.

Sasa haya ya mwaka jana.

Loveness, binti wa mdogo wangu Zabron, ulimlea tangu ana miaka sita, baba yake akiwa kwenye kazi ya mbao huko Shume. Kila asubuhi alikwenda sekondari pamoja na Hidaya, mtoto wa jirani zetu Mbaraka na Mwanaidi, wenye bustani ya karoti chini ya njia. Walikuwa kidato cha pili wote wawili, na huwezi kumwita mmoja asije na mwenzake.

Mwezi wa saba Hidaya aliugua homa ya matumbo, akatapika darasani mara mbili. Wiki hiyo hiyo shule nzima ikawa inasema ana mimba. Wakubwa wa shule wakaagiza apimwe. Majibu yakatoka hana kitu, lakini majibu hayakutembea kama uvumi ulivyotembea. Sokoni wanawake wakawa wanamtazama tumbo. Hidaya akavua sare, akakataa kurudi shule. Mbaraka alimsihi, akamgombeza, mwisho akamwacha ashinde bustanini na mama yake.

Ndipo ulipoanza kwenda kwao kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Ulibeba daftari, ukakaa naye mpaka saa kumi, hisabati, Kiingereza, baiolojia. Mambo ya sekondari hukuwahi kuyafundisha, kwa hiyo ulikuwa unayasoma kwanza wewe, asubuhi, miwani puani, ukinung'unika kwa Kishambaa kila hesabu ilipokataa. Ulimwagiza Loveness anakili kila somo mara mbili, nakala moja yake, nyingine ya Hidaya. Tuliona ni wema wako wa siku zote. Baba yeye alidhani unakwenda kwenye kikundi cha akina mama.

Siku uliyofariki ilikuwa Alhamisi. Mwanaidi aliacha karoti zake, akaja akafua, akaosha sufuria za msiba siku tatu mfululizo. Mwezi wa kumi na moja Hidaya alivaa sare, akaenda kufanya mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Alifaulu vizuri kuliko Loveness.

Januari, Jumamosi moja mchana, tulikuwa uani sote. Mwanaidi akaingia bila kupiga hodi.

"Shikamoo, Baba Yudith."

"Marahaba, mama. Karibu kiti."

"Sikai. Mjukuu wako katoka kwangu sasa hivi. Anasema ule uongo juu ya mwanangu aliuanzisha yeye. Kisa Hidaya alichaguliwa nahodha wa netiboli, yeye akaachwa. Akawaambia wasichana wawili tu, anasema. Wawili tu! Hilo ningelimeza, ni mtoto. Lakini anasema Mwalimu alijua. Alijua tangu mwezi wa nane!"

Baba akasimama polepole, akashika nguzo ya baraza.

"Mama, hilo mimi silijui."

"Alijua huku anakunywa chai yangu? Alhamisi zote zile mimi namlilia, namuuliza, Mwalimu, nani kamfanyia mwanangu hivi, yeye ananishika bega tu! Mtoto mzima kakaa nyumbani anachambuliwa na watu, na neno moja la Mwalimu lingewanyamazisha wote!"

Alitutazama mmoja mmoja, akaondoka.

Loveness alirudi jioni, macho yamevimba. Zabron, ambaye alikuwa ameteremka kutoka Shume siku hiyo, aliinua mkono kumpiga, Baba akamzuia. Ndipo mtoto akatueleza.

Alisema alikwambia mwenyewe, mwezi wa nane, mkimenya maharage. Alishindwa kulala, akashindwa kula, akakwambia. Wewe hukuacha kumenya. Ukamuuliza, "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, Bibi."

"Basi tunajua wawili."

Akakuomba umsindikize kwa kina Hidaya. Ukakataa. Akakuomba basi umtume, umlazimishe, kama ulivyowalazimisha baba zake. Ukamwambia, na hapa Loveness alirudia maneno yako taratibu ili asikosee hata moja: "Baba yako mdogo nilimshika mkono nikampeleka. Alisema kweli, lakini ilikuwa kweli yangu mimi, haikuwa yake. Lile ni kosa langu na ninalo mpaka leo. Wewe sitakushika mkono. Utakwenda siku utakayoweza."

"Na nisipoweza?"

"Utakaa nayo. Na mimi nitakaa nayo."

Wiki tisa baadaye ulifariki, na hakuwa amekwenda. Alituambia kila alipokaribia mlango wa Mwanaidi aligeuka akarudi. Baada ya mazishi ilimbidi akae nayo peke yake, na hapo, anasema, ndipo ilipokuwa nzito kupita siku zote, kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kumtazama akajua.

Mama, ungesikia nyumba hii ilivyogawanyika siku ile.

Zabron alisema ulichoka. Alisema uzee na mapenzi ya mjukuu vilikulegeza, ukamficha, na masomo ya Alhamisi yalikuwa ya kujifuta machozi. Baba alimkemea, "Mghosi, mwanamume wewe, chunga mdomo, unamsema mama yako," lakini baadaye nilimkuta Baba nyuma ya banda la mbuzi akisema peke yake, "Miaka arobaini na sita naishi naye. Hata mimi?"

Kristian ndiye aliyetushangaza. Sisi tulidhani atafurahi kusikia kwamba ulijuta juu yake. Alikasirika kuliko wote.

"Kosa gani?" akasema. "Siku ile kwenye paredi ndiyo iliyonifanya mtu. Nililia, nilikwama maneno, ndiyo, lakini tangu hapo sijamsingizia mtu. Nimewalea wanangu kwa siku ile. Halafu leo naambiwa Mama aliiona kosa, akakaa nayo miaka yote hiyo bila kuniuliza hata mara moja?"

Nikamwuliza, "Angekuuliza ungemwambia nini?"

"Sijui," akasema. "Labda wakati ule ningemwambia alinionea."

Jumatatu Loveness alikwenda kwa mkuu wa shule bila kusindikizwa, akaomba kusema mbele ya darasa lake. Akasema. Walimu wakamwadhibu, na wale wasichana wawili hawamsalimii mpaka leo. Kwa Hidaya alikuwa ameshakwenda, na Hidaya alimjibu jambo moja ambalo Loveness bado linamliza: "Zile nakala nilijua mwandiko ni wako. Nilidhani shule nzima umebaki wewe tu unayenihurumia."

Sasa wako kidato cha tatu. Wanasalimiana. Hawaongozani njiani. Hidaya ni nahodha, Loveness hachezi tena, ingawa Hidaya amemwambia mara mbili arudi uwanjani. Hatujui kama huo ni msamaha au ni nahodha anayetaka mchezaji mzuri. Nilimwuliza Loveness, akasema naye hajui.

Na hatujui kuhusu wewe. Ungemlazimisha Loveness wiki ile ile, Hidaya angerudi darasani Agosti, na pengine Loveness angejifunza kuogopa kuliko kujuta. Hukumlazimisha, na mtoto wa mtu alilipa wiki nyingi kwa ajili ya mtoto wako kukua. Ulikuwa na haki hiyo? Nikiwaza hivyo nakukasirikia. Halafu namwaza Loveness akiteremka ile njia peke yake, miaka kumi na mitano, hakuna aliyejua, hakuna ambaye angejua kamwe, naye akabisha hodi. Hapo sikukasirikii. Halafu namwona Mwanaidi na kikombe chake cha chai, inaanza upya.

Kabla ya kuandika haya nilikwenda kumwomba Mwanaidi ruhusa, maana mambo ni ya mwanawe. Alikuwa anaosha karoti kwenye mfereji wa bustani. Hakunikaribisha, hakunifukuza.

"Andikeni," akasema mwishowe. "Ila msimwandike malaika."

"Hatutamwandika malaika, dada."

Akaosha karoti nyingine mbili tatu. "Na muandike kwamba mwanangu alifaulu kwa sababu yake. Hilo nalo ni kweli. Mimi nashindwa kuyaweka pamoja."

Nikamwambia hata sisi tunashindwa. Nikamsaidia kufunga matenga.

Mwezi uliopita, Mama, mwanangu Happiness, yule uliyemwita kifaranga, alinidanganya. Ana miaka kumi na moja sasa. Aliirarua Biblia ya mwenzake wa shule ya Jumapili wakigombania, akaniambia ni mbwa. Nilijua palepale. Nikasimama jikoni na mwiko mkononi, nikakuhitaji kuliko siku ya mazishi. Nilitaka kukuuliza nimshike mkono au nimwache. Nikaketi kwenye kigoda, nikamwita akae karibu. Sikumwambia kitu. Naye hakuniambia kitu. Tulikaa hivyo mpaka ugali ukaungua. Baadaye akasema, "Mama, si mbwa." Nikaitika tu. Ya kwenda kwa mwenzake bado hatujayamaliza. Kila asubuhi anaitazama Biblia yangu mezani, halafu ananitazama mimi, na mimi sijui uso niuweke vipi.

Ibada ya kukukumbuka itakuwa Jumapili hii usharikani, kisha tutakwenda kaburini. Mbaraka amesema atakuja. Mwanaidi hajasema.

Unakumbukwa na mume wako Sefania, watoto wako Yudith, Zabron na Kristian, wakwe zako, wajukuu zako Loveness, Happiness na wengine wote, wanafunzi wako, na jirani yako Hidaya, ambaye ameomba mwenyewe jina lake liwemo.

Hutatutoka moyoni, Mwalimu, siku tunazokuelewa na siku tusizokuelewa.