Wiki Tuliyomzika Odhiambo

Jumanne, 6 Mei
Nimefua vitambaa vyote vya madhabahu. Askofu anakuja Jumapili. Akina mama wanne waliahidi kuja kukandika jiko la kanisa. Alifika mmoja. Mikono inaniwasha kwa sabuni.
Nikianika, Odhiambo alipita. Yule anayeimba besi kwenye kwaya. Alisimama kando ya kamba, kofia mkononi.
"Mama Shemasi, niko na neno kidogo."
"Si unaona vile niko na kazi? Ngoja Askofu aende."
Akasema sawa. Akanisaidia kukamua kitambaa kimoja kizito, akaenda zake.

Alhamisi, 8 Mei
Mvua. Nguo hazikauki. Kuku sita wa kumpikia Askofu wamepatikana. Odhiambo hakuja mazoezi ya kwaya. Sikuuliza.

Ijumaa, 9 Mei
Odhiambo amekufa. Amejiua, asubuhi, shambani kwake. Mkewe Jane ndiye alimkuta.
Nilikimbia huko na aproni bado kiunoni. Jane hakuwa analia. Alikuwa ameketi chini, anang'oa nyasi, moja moja. Polisi walichukua mwili saa sita.
Neno lake sitalijua kamwe.

Jumapili, 11 Mei
Askofu alikuja. Watu walijaa mpaka nje. Jina la Odhiambo halikutajwa, hata kwenye maombi. Askofu alinipa mkono, akasema kanisa linang'aa.

Jumatatu, 12 Mei
Baraza la kanisa limekaa. Mwili hautaingia kanisani. Mchungaji hatazika. Kwaya haitaimba. Akina mama hawatavaa sare. Eti aliyejiua hana ibada.
Mume wangu ni mzee wa baraza. Aliinua mkono pamoja na wenzake. Ameniambia mwenyewe akila, bila kuniangalia.
"Baba Akoth, umekula kwa Odhiambo mara ngapi?"
Akasema sheria ni sheria.
Sikumwambia habari ya Jumanne. Sijamwambia mtu. Naona aibu.

Jumatano, 14 Mei
Nilienda kwa Mchungaji, nikamwambia yote. Kwamba Odhiambo alinijia, nikamrudisha kwa sababu ya vitambaa. Mchungaji si mtu mbaya. Machozi yalimlengalenga. Lakini akizika atahamishwa, na watoto wake wanasoma hapa Kosele.
"Na ukizika wewe, mama, sitaweza kukutetea."
Nilirudi kwa miguu. Nimemkasirikia. Nimemkasirikia Mungu pia, kidogo. Hapana. Si kidogo.

Alhamisi, 15 Mei
Jane alikuja, akasimama mlangoni. Hakutaka kuketi. Aliuliza jambo moja tu: kesho nani atamwombea mume wake?
Nikasema mimi. Mume wangu alikuwa ndani, alisikia. Ameingia kulala bila kula.

Ijumaa, 16 Mei
Tumezika.
Jeneza lililetwa na pikapu kutoka Rodi Kopany. Ndugu zake walichimba kaburi wenyewe. Nilivaa sare. Wanakwaya walikuja, lakini walibaki barabarani, nje ya boma.
Nilisoma Zaburi mpaka katikati. Nikafunga Biblia. Nikasema mbele ya wote kwamba alikuja kwangu akitaka kuongea nami, nikamwambia angoje. Nikamwomba Jane msamaha. Aliniangalia.
Ndipo mama yake Odhiambo, ajuza asiyeona vizuri, akaanzisha wimbo kwa Kijaluo, peke yake. Kule barabarani msichana mmoja akaitikia. Halafu mwingine. Hawakuingia. Ila waliimba mpaka udongo ukajaa.
Mume wangu hakuja.

Jumapili, 18 Mei
Mchungaji alisoma tangazo haraka haraka. Nimesimamishwa ushemasi mpaka baraza liamue. Nilimkabidhi katibu funguo za kanisa. Nikakaa nyuma, karibu na mlango. Wanawake niliowauguza walinipita kama benchi tupu. Baba Akoth alikaa mbele na wazee.
Inauma. Ningefanya vile vile tena. Yote mawili ni kweli.

Jumatano, 28 Mei
Nilienda kwa Jane na jembe. Njugu zake zimezidiwa na magugu. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Alishika mstari wake, nami nikashika wangu. Tulipofika katikati ya shamba niliuliza kama tuombe kidogo.
"Leo usiombe, Mama Akoth. Palilia tu."
Nikapalilia. Jua lilikuwa kali. Saa sita aliniletea maji kwenye kikombe, akasimama hapo mpaka nikamaliza kunywa.